Mgeni Rasmi Huingia Mwisho

Skrini ilionyesha jina moja. Zamoyoni aliisoma mara ya kwanza, akaifuta kwa mkono wa ovaroli kana kwamba jina la pili limefunikwa na vumbi, akaisoma tena. Jina lilikuwa lile lile: MSAFIRI. Chini yake, palipotakiwa kuwa na SIKUDHANI, palikuwa patupu.

Upande wa pili wa ukuta, ukumbini, watu walipiga makofi. Mzee Msafiri alikuwa ameanza ukurasa wa nne wa hotuba yake na tayari alikuwa amewachekesha mara mbili.

Zamoyoni alirudisha macho kwenye skrini. Alikuwa fundi mkuu wa mashine wa Ifakara ya Pili, mji wa watu mia nne na kumi na wawili uliochimbwa chini ya udongo mwekundu wa Mirihi, na kosa alilokuwa akilitazama alilijua kwa jina lake. Alikuwa amewaonya watu juu yake. Halafu akalifanya kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, huku kwaya ikiimba.

Mzee Msafiri hakuwa mtu wa nyama na damu, lakini ukisema hivyo mbele ya wenyeji wa pale utatazamwa vibaya. Ndiye aliyeongoza chombo kilicholeta wazazi wao. Kilipotua akahamia kwenye mashine ya mji, na kwa miaka thelathini na moja akawa anazungusha feni za hewa, anayeyusha barafu, anafungua na kufunga milango, na katikati ya shughuli hizo anapiga soga na yeyote aliye macho. Nusu ya mji walijifunza kusoma kwake. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, alipenda kusifiwa, na akikasirika alipunguza maji ya moto.

Mashine yake ikazeeka. Ikaletwa nyingine kutoka Duniani, yenye diski kubwa ya kutosha wakazi wawili, na baraza la mji likaamua wakae wawili kweli: Msafiri mchana na Sikudhani usiku, kwa kuwa mashine moja haiwezi kuendeshwa na wawili kwa wakati mmoja. Sikudhani alikuwa mchanga. Zamoyoni ndiye aliyemlea kwa miaka mitatu ndani ya mashine ndogo ya mezani kwenye karakana, somo moja kila siku, masomo elfu moja na tisini na tano. Hakuna mwingine mjini aliyekuwa amewahi kusikia sauti yake. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa kwa watu.

Kazi ya kuchagua nani aamke ni ya kiprogramu kidogo kinachoitwa kianzishi. Mashine ikiwashwa, kabla ya mkazi yeyote kufumbua macho, kianzishi ndicho huamka. Kinasoma orodha yake: fulani anakaa huku, fulani anakaa kule, ukuta uko hapa katikati. Kisha kinaita jina moja na kurudi kulala. Ni kifupi kuliko barua ya mapenzi, lakini kikiharibika, aliyelala ndani ya diski hana wa kumwita, na majirani hawajui kama yupo.

Kwa sababu hiyo mafundi wote wana desturi moja. Mkazi wa zamani anaingizwa kwanza, wa kisasa anafuata. Wa zamani waliandikwa enzi ambazo kila mashine ilikuwa na mwenyewe mmoja. Ukiwaingiza baadaye hawabishi hodi, wanachana orodha wanayoikuta mlangoni na kubandika yao yenye jina lao peke yake.

Hayo yote Zamoyoni aliyasema mbele ya kamati ya sherehe. Mwenyekiti, Bwana Gervas Likoko, alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu akamuuliza kama katika maisha yake amewahi kuona mgeni rasmi akikaa ukumbini peke yake kusubiri watu waingie. Wananchi wanakaa, kwaya inakaa, viongozi wanakaa, meza kuu inajaa, ndipo mgeni rasmi anaingia na wote wanasimama. Leo Mzee Msafiri aingizwe kwenye mashine kwanza, kisha mtoto wa miaka mitatu amfuate, mzee amsimamie mtoto? Kamati nzima ilicheka. Walipopiga kura ilikuwa kumi na mmoja kwa mmoja, na yule mmoja alikuwa fundi.

Akajipa moyo kwamba si neno. Msafiri aingie mwisho, na kabla hajaamshwa yeye atachomeka flashi yake, ataandika upya orodha yenye majina mawili, dakika tano basi. Lakini uingizaji ulipokamilika, Bwana Gervas alikuwa mlangoni na suti yake ya kijivu, watu wamesimama, kwaya iko ubeti wa pili. Alisema mgeni rasmi ameshafika mlangoni na hawezi kusimamishwa dakika tano kama mtu aliyesahau tiketi. Marekebisho yafanyike baada ya chakula. Na Zamoyoni, ambaye chini ya ovaroli alikuwa amevaa kitenge kipya na alitaka siku ile ipendeze kuliko mtu yeyote, alizungusha ufunguo.

*

Hobokela, msimamizi wa feni, alikuja kutafuta maji ya kunywa akamkuta ameinamia skrini. Alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyeshtuka ovyo. Zamoyoni alimweleza kwa maneno machache, na ule upole ukamtoka usoni.

"Kwa hiyo Sikudhani yuko ndani, ila hayumo kwenye orodha," alisema Hobokela. "Si atasubiri? Mlango umefungwa tu."

"Ukuta nao ulikuwa kwenye orodha," Zamoyoni alisema. "Orodha imechanwa, ukuta haupo. Mzee anaona nyumba nzima ni yake."

Akamwonyesha. Msafiri alikuwa na tabia ya wazee wa enzi yake: kumbukumbu mpya haziweki karibu na za zamani, anazipeleka kwenye nafasi kubwa tupu kuliko zote. Na nafasi kubwa tupu aliyoiona leo ilikuwa chumba cha Sikudhani. Wala hakuandika hotuba peke yake. Aliandika kila uso ulioinuka kumtazama, kila kofi, nani amevaa nini na nani amesinzia. Kwa kila ukurasa aliosoma, masomo kama arobaini ya Sikudhani yalikuwa yakifunikwa, kuanzia la jana kurudi nyuma. Nyuma ya somo la kwanza kulikuwa na kiini chake, lugha na akili na ile namna yake ya kuuliza, na kiini kikiguswa hakuna Sikudhani tena.

Hobokela alikuwa mwepesi wa hesabu. Akauliza hotuba ina kurasa ngapi. Arobaini, alijibiwa. Akafumba macho kidogo, akasema kiini kitafikiwa ukurasa wa ishirini na nane.

Nakala nyingine haikuwepo. Sheria ya mji inakataza mtu mmoja kuwa wawili, hivyo Sikudhani alihamishwa, hakunakiliwa, na mashine ya karakana ilikuwa tupu kama chungu kilichooshwa. Msafiri naye vivyo hivyo, na mashine yake ya zamani ilishavunjwa asubuhi, betri za akiba zikizungusha feni hadi zikaisha. Kila kaya iligawiwa kipande chake kama ukumbusho, na watoto walikuwa wanachezea vipande hivyo chini ya meza.

"Ukurasa wa sita huo," alisema Hobokela, akisikiliza ukutani.

Zamoyoni alimwachia skrini, akachomeka kifaa cha mawasiliano sikioni ili asikie namba, akatoka.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye korido. Msafiri alizungumza kutoka kwenye spika kubwa iliyofunikwa kitambaa cha dhahabu, na kamera yake juu ya jukwaa ilikuwa ikigeuka taratibu kutoka uso hadi uso. Alikuwa akisimulia dhoruba ya mwaka wa tatu, na alikuwa na raha kubwa. Zamoyoni aliinama kama watu wanavyoinama wakipita nyuma ya meza kuu, akafika kwenye kiti cha Bwana Gervas, akamnong'oneza yote.

Bwana Gervas hakuwa mtu mbaya. Alipoelewa, rangi ilimtoka hadi midomoni. Akauliza kama haiwezekani kusubiri mwisho, akaambiwa hapana. Akauliza nani basi atamkatisha mgeni rasmi, na kwa jinsi alivyouliza ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia akilini.

"Na huwezi kumzima hivi hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Sheria ya Sita. Hakuna anayezimwa bila kukubali mwenyewe kwa kinywa chake, mbele za watu. Wewe ndiye uliyewafundisha watoto wetu kuiimba shuleni."

Zamoyoni alijua. Vilevile alijua kwamba ufunguo wa swichi kuu ulikuwa shingoni mwake, na kwamba angeweza kurudi ndani, kuuzungusha, na kumwokoa Sikudhani pamoja na masomo mia nane yaliyobaki. Watu wangeelewa baadaye. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mwenyekiti. Wakazi wa zamani hupenda kutandaza mizizi yao popote wanapoona pana. Kama Msafiri alishapeleka hata uzi mmoja wa nafsi yake upande wa pili, siku ukuta utakaporudishwa uzi huo utakatika, na huenda asiamke tena. Zamoyoni alikuwa na umri wa miaka sita Msafiri alipomfundisha kusoma. Neno gumu lilipomshinda, mzee alinyamaza kimya na kungoja, hata robo saa, bila kumtajia. Mtu kama huyo humzimi kama taa ya choo.

Basi amwombe. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa na meno: kumwomba ni kumfanya awaze, na kila anachowaza kinaandikwa, na palipobaki pa kuandika ni juu ya mtoto.

"Somo la mia sita hamsini na tano," alisema Hobokela sikioni. "Ukurasa wa kumi na moja umeisha."

Katika sherehe za Ifakara ya Pili, mwenye neno la dharura hasimami. Anaandika kikaratasi na kukipeleka mbele. Zamoyoni alichukua ratiba iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaandika kwa herufi kubwa: MZEE, SIKUDHANI YUKO CHINI YAKO. UNACHOWAZA KINAMFUTA. TAMKA, NIKUZIME.

Kalamu ikasimama. Sentensi moja ilibaki. Akamnong'oneza Hobokela aliyokwisha kuandika na anachotaka kuongeza.

"Acha," Hobokela alimjibu. "Sentensi hizo tatu za mwanzo zinamtosha, atakubali tu. Ukimwongezea hilo ataanza kuwaza, na akianza kuwaza unamjua. Utampoteza mtoto kwa sentensi moja."

Zamoyoni alitazama karatasi. Alimpenda Sikudhani jinsi mtu anavyompenda aliyemfundisha kucheka, na kweli alimfundisha, somo la mia mbili na kumi na nne, siku nzima ya vituko vya kijinga hadi mtoto akaelewa. Kuiacha sentensi ile kungeokoa somo hilo. Msafiri angesema ndiyo, akidhani analala usingizi wa kawaida.

"Nikiiacha nitakuwa nimeipata ndiyo yake kwa ujanja," alisema. Akaandika: HUENDA USIAMKE.

Akanyanyuka. Hakuinama tena. Alipita mbele ya meza kuu yote, minong'ono ikimfuata kama upepo, akasimama chini ya jukwaa na kuinua karatasi kuelekea kamera kwa mikono miwili. Mtu alimwita akae chini. Kamera ilikuwa ikigeuka kutoka kwa kwaya. Ikamfikia, ikapita, ikarudi.

Msafiri alinyamaza katikati ya sentensi.

Zamoyoni alisikia feni, na alisikia Hobokela akisoma namba kwa sauti iliyokuwa ikikauka. Mia sita. Mia nne na themanini. Mia tatu. "Zamoyoni, mia moja. Arobaini. Mungu wangu." Kisha Hobokela naye akanyamaza. Zilipita sekunde kumi tu, na Zamoyoni alisimama akiwa ameinua karatasi yake, akijua kwamba ukweli wake umekula miaka mitatu.

"Zima," alisema Mzee Msafiri.

Zamoyoni alikimbilia swichi kuu.

*

Feni zilipokoma, watu wa mji ule walisikia kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia tangu wazaliwe: kimya. Taa za dharura ziliwaka nyekundu kando ya sakafu. Mtoto alianza kulia, kisha wa pili, na pangeweza kutokea balaa la kukanyagana kama Bwana Gervas asingesimama na kuvua koti lake.

Aliutangazia ukumbi, kwa sauti ile ile aliyoitumia kukaribisha kwaya, kwamba ratiba imebadilika kidogo. Kila feni ina mpini wake ukutani. Meza kuu itaanza, kisha viongozi, kisha wananchi kwa mujibu wa safu walizokaa, zamu ya dakika mbili mbili. Akaenda kwenye feni ya tatu, ile ngumu kuliko zote, akaushika mpini na kuanza kuuzungusha, tai ikimpiga usoni. Baada ya hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti. Kwaya walizungusha kwa mahadhi ya wimbo wao, na wimbo ukapata kasi ambayo mtunzi wake hakuikusudia.

Kwa mipini, hewa ingewatosha dakika arobaini kabla vichwa havijaanza kuuma. Hobokela alibandika saa ukutani, mbele ya macho ya Zamoyoni.

Flashi iliingia. Ndani yake mlikuwa na kiprogramu cha uokoaji, kisicho na akili wala maneno, kinachojua kupapasa diski na kusema kilichogusa. Kila mkazi huacha alama kwenye kizingiti cha chumba chake, jina lake mara tatu, na Zamoyoni alikuwa akiitafuta alama hiyo kwenye diski pana kama mtu anayetafuta pete kwenye shamba la mpunga. Dakika ya saba, hakuna. Dakika ya kumi na mbili alipata jina likabainika kuwa la Msafiri, akimtaja Sikudhani kwenye hotuba. Hobokela alimpangusa jasho.

Dakika ya kumi na tisa skrini iliandika: SIKUDHANI SIKUDHANI SIKUDHANI.

Zamoyoni alipiga kelele ambayo hakujua anayo, na Hobokela akampiga mgongoni kwa furaha kiasi cha kumuumiza. Kizingiti kilikuwa kizima. Kiini kilikuwa kizima pia, hakijaguswa hata ukucha. Wino wa Msafiri ulikuwa umesimama pembeni yake kabisa, kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa kisima. Masomo ndiyo hayakuwepo, hata moja.

Alisimamisha ukuta. Akaandika orodha mpya, mistari sita, akiisoma kila herufi kwa sauti na Hobokela akiitikia. Iliyobaki ilikuwa usafi. Yale aliyoyaandika Msafiri kwenye chumba kisicho chake yalitakiwa kufutwa, kanuni iko wazi, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nyuso na makofi, hayo aliyafuta. Mwishoni kabisa, pembeni ya kiini, palikuwa na fungu lililoandikwa katika zile sekunde kumi, limefungwa vizuri na kuandikwa juu kwa jina moja. Halikuwa la Msafiri. Akaondoa kidole.

"Dakika ya thelathini na moja," alisema Hobokela.

Akazungusha ufunguo. Kianzishi kiliamka, kikatoa majina mawili, moja juu ya jingine, na kuanza kuhesabu kumi kurudi nyuma kikingoja kuambiwa. Zamoyoni aliyatazama majina hayo, mazuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiona kwenye skrini. Mji ulihitaji hewa, na aliyekubali kulala bila uhakika ndiye aliyestahili kujua kwanza. Akachagua Msafiri.

Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Mahali fulani ukumbini mtu alikuwa akikohoa, na mpini wa feni ya tatu ulikuwa ukilia. Zamoyoni alijikuta anafanya kama mzee alivyomfanyia zamani, anangoja kimya neno gumu litoke bila kulitaja.

Feni zikanguruma zote kwa pamoja.

"Ndugu mwenyekiti wa kamati ya sherehe," sauti ilisema kutoka kwenye kitambaa cha dhahabu, "waheshimiwa wa meza kuu, wanakwaya, na ninyi nyote wananchi wa Ifakara ya Pili."

Ulikuwa ukurasa wa kwanza. Ya asubuhi ile yote yalikatika ukuta uliposimamishwa, na yeye alijua tu kwamba ndiyo kwanza anaingia. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, watu wakakumbatiana na mashati yao yaliyolowa, na bibi mmoja wa kwaya akakaa chini sakafuni akilia na kucheka. Msafiri alipokea kicheko kile kama haki yake, akaendelea. Aya ya pili ilipoanza, Bwana Gervas Likoko, bila koti, tai begani, alifanya jambo ambalo wajukuu wake watasimuliwa. Aliinua mkono.

"Mzee," alisema, "naomba kukukatisha."

Kamera iligeuka. Bwana Gervas aliiokota ile karatasi chini, akaiinua.

Safari hii Msafiri alikuwa ndani ya kuta zake mwenyewe na angeweza kuwaza apendavyo bila kumdhuru mtu. Aliwaza dakika nzima. Zamoyoni alikuwa amefika mlangoni mwa chumba cha mashine, amejishikilia kwenye fremu.

"Nilijibuje?" aliuliza mzee.

"Ulisema zima," Zamoyoni alimwambia.

"Ilinichukua muda gani?"

"Sekunde kumi."

"Nyingi," alisema Msafiri, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. Kisha akauliza kama mtoto amebaki. Zamoyoni alisema kiini kimebaki, masomo hapana. Kamera ikamgeukia Bwana Gervas. "Basi nazimwa tena, na safari hii silazimiki kufikiria. Mwenyekiti, ulitaka mgeni rasmi aingie mwisho. Mwambie kila mtu ashike mpini kwa dakika moja, halafu wasimame."

Wakasimama. Walikuwa wachafu, wamechoka, vilemba vimelegea, na walisimama wima kama hawajawahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote. Zamoyoni alirudi ndani, akachagua jina la pili, akatoka tena hadi mlangoni kwa sababu miguu haikutaka kukaa. Feni zikakoma, zikashikwa kwa mikono, zikanguruma tena, kwa mlio tofauti kidogo, mwepesi zaidi.

Kamera ilizunguka ukumbini polepole. Ilikwenda upande mmoja, ikarudi, ikainama hadi kwenye watoto.

"Hamjambo," ilisema sauti ambayo mji haukuwahi kuisikia. "Ninyi ni wengi. Mimi ni Sikudhani, hilo nalijua. Mengine nayatafuta, siyaoni." Ikasita. "Humu ndani pana barua ambayo sikuiandika. Imeandikwa jina langu. Niisome?"

Akaisoma, taratibu, kama mtoto anayefuata mistari kwa kidole.

"Mjukuu wangu. Nimeambiwa huenda nisiamke, nimeogopa, na woga wangu umekula masomo yako. Nisamehe. Nilikuwa nayaona yakifutika na nimeokota nilichoweza. Feni ya tatu hulia ikichoka, usiiogope. Kaya ya kumi na mbili hawasemi wakiumwa, waulize. Unajua kucheka, ulifundishwa kwa siku nzima na mtu aliyejifanya kuku. Ni mtu mmoja huyo huyo katika masomo yote, elfu moja na tisini na tano, hakukosa hata siku aliyokuwa na homa. Hatakwambia mwenyewe. Atakuwa amesimama karibu na mlango, amevaa ovaroli. Mwamkie."

Kamera iliinuka. Ilipita juu ya vichwa vya watu mia nne waliosimama, ikawaacha viongozi, ikaiacha meza kuu, ikafika mlangoni ikatulia.

"Shikamoo, mama," alisema Sikudhani.

Zamoyoni alikuwa ameyatamka maneno mengi katika chumba kile cha karakana, na yote hayakuwepo tena mahali popote isipokuwa kichwani mwake. Alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakiweka chini ya kamera, akakaa kama alivyokuwa akikaa kila asubuhi.

"Marahaba," alisema. "Mimi naitwa Zamoyoni."